Huyu jamaa wa mguu wa mbao aliyebeba medali 6 siku moja Olimpiki ya 1904, ni kweli au chai?

KochaWaTandika:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Wiki nzima hii kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, wanaume wamejipanga kama timu ya mpira, afu chini yake maandishi kwamba yule wa katikati anaitwa George Eyser, Mmarekani, mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mbao, na mguu huohuo ndo aliingia nao kwenye jimnastiki Olimpiki ya 1904 akaondoka na medali 6, tatu za dhahabu, kwa siku moja. Siku moja jamani! Machale yakanicheza nikasema hii chai, ila nimeshindwa kuipotezea ndo maana naileta hapa kwenye vichwa.

Sababu ya kuuliza sio ubishi wa kijiweni. Nina vijana nawafundisha sarakasi na viungo jioni huku Tandika, vifaa vya maana hatuna, tuna magodoro mawili na chuma cha kuning'inia tulichochomelea wenyewe. Sasa kuna dogo wa miaka 14 alipata ajali ya bodaboda akakatwa mguu chini ya goti, siku hizi anatembelea mguu bandia, anakuja anakaa pembeni anaangalia wenzie. Ukimwambia vuta chuma anawavuta wote, yaani mikono ipo. Nataka nimpe hii stori, lakini watoto wa sasa wana simu, akienda kusaka mwenyewe akakuta ni uongo uso wangu ntauweka wapi.

Kwa hiyo, ni kweli? Na kama ni kweli alikuwa anafanyaje, maana mi ninavyojua kuruka na kutua kunataka miguu mizima.

Pweza_wa_Feri:

Chai hiyo kocha, tena ya rangi haina hata tangawizi. Mguu wa mbao afu uruke farasi (kile kifaa cha jimnastiki)? Si ungepasuka vipande. Watu wanatafuta laiki tu.

Chausiku_Ilala:

Pweza punguza spidi. Ni kweli, na sio kweli ya kubabaisha, matokeo yapo kwenye rekodi za Olimpiki mpaka leo na namba zake.

Kocha ngoja nikupe ninavyomjua huyu mzee maana nilishawahi kumfuatilia sana. George Eyser kazaliwa Ujerumani mwaka 1870, kaskazini huko upande wa Kiel, familia ikahamia Marekani akiwa na miaka 14, yaani umri uleule wa dogo wako. Akakaa Denver, uraia akapata 1894, baadaye akahamia St. Louis jimbo la Missouri. Mguu wa kushoto ulikwenda na treni, ilimkanyaga ukakatwa. Kazi yake ilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ya ujenzi. Narudia hapo, karani wa hesabu, sio mwanamichezo wa kulipwa, hakuna mdhamini wala posho ya kambi, mtu anashinda na madaftari ya mahesabu afu akitoka kazini ndo anaenda tizi.

Tizi alikuwa anapigia wapi, hapo ndo stori ilipo na ndo kitu hiyo posti ya WhatsApp imekiruka. Wajerumani walikuwa na klabu zao za mazoezi, Turnverein, mwanzilishi wa mambo yale ni mwalimu mmoja anaitwa Friedrich Ludwig Jahn aliyefungua uwanja wa mazoezi Berlin mwaka 1811, vile vyuma viwili sambamba unavyoviona kwenye jimnastiki leo chimbuko lake ni huko kwake. Sasa 1848 Ujerumani kukawa na mapinduzi, yakashindwa, watu kibao wakakimbilia Marekani, na walipofika hawakuanza na kulia, walifungua klabu. Philadelphia, Chicago, New York, St. Louis, Cincinnati, kila penye Wajerumani wengi pana ukumbi wa mazoezi, na sio mazoezi tu, kuna kwaya, maktaba, siasa humohumo. Wale wa St. Louis hata vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 walijitokeza kubeba bunduki upande wa serikali. Eyser alikuwa mwanachama wa moja inaitwa Concordia Turnverein hapohapo St. Louis. Kwa hiyo mtu mwenye mguu mmoja alikuwa na pa kwenda jioni, pana vyuma, pana farasi wa mbao, pana kamba, na pana watu waliomzoea ambao hawamshangai.

Afu bahati ikamwangukia, Olimpiki ya 1904 ikaja mjini kwake. Iliandaliwa ndani ya maonyesho makubwa ya dunia ya St. Louis, piga picha Sabasaba ya miezi na miezi, michezo ya Olimpiki ikasambazwa humo katikati toka Julai mpaka Novemba hata watu hawajui kipi ni Olimpiki na kipi ni maonyesho. Na ndo Olimpiki ya kwanza kutoa dhahabu, fedha na shaba kwa mshindi wa kwanza mpaka wa tatu.

Mwishoni mwa Oktoba 1904: dhahabu vyuma sambamba, dhahabu kuruka farasi (aligawana na Anton Heida), dhahabu kupanda kamba, fedha farasi mwenye vishikio, fedha jumla ya vifaa vinne, shaba chuma cha kuning'inia. Sita hizo. Na kuruka farasi zama zile hakuna ule ubao wa kukurusha, unategemea mwili wako mwenyewe.

Mwambie dogo bila wasiwasi.

Pweza_wa_Feri:

Sawa dada Chausiku kashinda, nakubali kashinda. Kamshinda nani sasa? Nimeingia kuangalia, ile ya Oktoba wote walikuwa wa klabu za Marekani, wazungu wa Ulaya hawakuvuka bahari kwa sababu ya nauli na umbali. Sasa hiyo Olimpiki au kombe la mbuzi? Ukishindana na jirani zako kumi ukachukua sita mi siwezi kuruka ruka hapa.

Mhasibu_Mstaafu:

Kijana Pweza hoja yako ina mguu mmoja na wewe (utani huo, mtani wangu asinune). Ni kweli Oktoba walikuwa wa Marekani watupu. Lakini hao wa Marekani walikuwa akina nani? Walewale Wajerumani na ndugu zao wa Ulaya ya kati waliohama na klabu zao. Huyo Anton Heida aliyekuwa mpinzani wake mkubwa kazaliwa Prague, kakulia mchezo kwenye klabu ya Philadelphia. Kwa hiyo Ulaya haikuja kwa meli mwaka huo, ila ilikuwa imeshafika zamani.

Na kingine hukukiangalia. Kulikuwa na mashindano mawili ya jimnastiki, ya Julai na ya Oktoba. Ya Julai Wajerumani kadhaa walikuja, na Mswisi Adolf Spinnler, na Julius Lenhart wa Austria ambaye ndo alishinda jumla. Eyser alikuwepo. Sasa angalieni utaratibu wa Julai ulivyokuwa wa ajabu, walikuwa wanajumlisha vifaa vya jimnastiki na riadha, yaani baada ya vyuma na farasi unaenda kurusha tufe, kuruka chini (long jump ya shuleni kwetu ile) na kukimbia yadi 100. Eyser kwenye vifaa akawa wa 10, kati ya watu mia na kitu wakiwemo hao wa Ulaya unaowataka wewe Pweza. Kwenye riadha akawa wa 118, mkiani kabisa, sasa mtu ana mguu wa mbao mnamkimbiza yadi 100 mlitegemea nini. Ukijumlisha ikamshusha mpaka nafasi ya 71.

Kwa hiyo yule wa Oktoba sio mtu mpya aliyeibuka na muujiza. Ni yuleyule wa 10 wa Julai, wamemtolea mbio na miruko ya uwanjani, basi.

Mimi nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi kwa hiyo jicho langu linaenda kwenye tarakimu, nikaichambua jumla ya vifaa vinne ya Oktoba. Heida pointi 161, Eyser 152. Tofauti 9. Sasa zitafute hizo 9 zilipotelea wapi. Kuruka farasi wote 36, sare. Vyuma sambamba Eyser 44 Heida 43, kampiga moja. Chuma cha kuning'inia Eyser 39 Heida 40, kapigwa moja. Hapo wako ngoma droo kabisa kwa vifaa vitatu. Kilichobaki ni farasi mwenye vishikio, Heida 42, Eyser 33. Tisa zote zipo pale! Sehemu moja tu. Huyu mtu kakosa ubingwa wa jumla wa Olimpiki kwa kifaa kimoja, na hata hicho kimoja bado alikuwa wa pili.

Kwa nini hicho na sio kuruka farasi ambako mtu angedhani mguu ndo ungemkwamisha, hapo sijui utaalamu, anayejua aje.

FundiViungo_Bandia:

Nimekuja mzee Mhasibu, shikamoo.

Mi ni fundi wa viungo bandia, nilisomea Moshi pale chuo cha TATCOT KCMC, sasa hivi nipo hapa Dar. Hizo tarakimu zako zimenifurahisha sana maana zinasema kitu ambacho ukikaa na wagonjwa unakiona kila siku.

Watu wengi wanawaza mguu bandia shida yake ni nguvu, kwamba utavunjika. Hapana. Miguu ya mbao ya zamani ilikuwa imara tu, Marekani baada ya ile vita yao walikuwa na majeruhi wengi sana waliokatwa, viwanda vya miguu vikafumuka, mbao za mti laini zinachongwa zinatobolewa ndani ziwe nyepesi, mikanda ya ngozi juu, na kulikuwa na fundi New York A. A. Marks alikuwa anaweka nyayo za mpira. Kwa hiyo Pweza usiwaze gongo la ufagio, kilikuwa kifaa cha kazi.

Shida ni uzito na mahali uzito ulipo. Mguu wako wa nyama una misuli, unaukaza, unaunyoosha vidole, unaulazimisha uende sawa na mwenzie. Wa bandia haukusikilizi, unaning'inia kwenye kigutu na unafuata ukitupwa. Sasa farasi mwenye vishikio ni kifaa cha kuzungusha miguu, mikono imeshika, mwili unazunguka juu yake, na miguu yote miwili ndo inayochora duara, inapita chini ya mkono huu, chini ya mkono ule, bila kugusa ubao. Kila kitu kinategemea pande mbili zinalingana. Ni kama kubeba mzega wa maji ndoo moja imejaa nyingine nusu, utafika, ila kila hatua unasahihisha. Sasa zungusha huo mzega hewani. Zile 9 nazielewa kabisa, cha kunishangaza ni hizo 33.

Vyuma sambamba ni hadithi nyingine. Pale uzito wote upo kwenye mabega na viganja, miguu inabembea mbele na nyuma, sio duara, ikibembea pamoja hata kama mmoja mzito kuliko mwingine bega likiwa na nguvu linameza hiyo tofauti. Mtu aliyetembea na mguu wa bandia na magongo kwa miaka anakuwa na mabega na mikono ambayo mtu mwenye miguu yote miwili hana sababu ya kuwa nayo. Dogo wa kocha anavyowavuta wote kwenye chuma sishangai hata kidogo.

Kamba ndo kabisaa. Kupanda kamba kule ni mchezo wa mikono, spidi ya viganja. Ile ya 1904 ilikuwa futi 25, yaani mita 7 na nusu na kidogo.

Chausiku_Ilala:

Asante Fundi. Na kamba alitumia sekunde 7.0. Wa pili Charles Krause 7.2, wa tatu Emil Voigt 9.8. Kwa hiyo wawili walikuwa wanakimbizana na wengine wapo safarini. Huo mchezo umekuja kufutwa, mara ya mwisho Olimpiki ni Los Angeles 1932.

Mwana_Bagamoyo:

Jamani mi niwaharibie kidogo. Kila mkiisifia hiyo St. Louis 1904 mi moyo hauendi. Kwenye maonyesho hayohayo walileta watu wa kuonyeshwa kama vitu vya makumbusho, kulikuwa na Wambuti kutoka Kongo, mmoja anaitwa Ota Benga ambaye miaka miwili baadaye 1906 aliwekwa kwenye zuu ya Bronx New York na nyani. Sio maneno ya kijiweni hayo, yameandikwa. Na Agosti mwaka huohuo waliwachukua hao watu wa maonyesho wakawaambia haya kimbieni, rusheni, mchezo wenyewe hawajawahi kuuona wala kufundishwa, ili wajithibitishie wenyewe kuwa watu weusi na wengineo hawawezi.

Na marathoni ileile kulikuwa na Watswana wawili wa Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, walikuwa huko kwa ajili ya igizo la vita ya Makaburu kwenye maonyesho, wakaingia mbio, wakamaliza wa 9 na wa 12. Waafrika weusi wa kwanza Olimpiki hao. Nani anawajua? Picha yao ipo wapi kwenye hayo magrupu ya WhatsApp?

Na sisi huku mwaka huo tupo chini ya Mjerumani, mwaka mmoja tu kabla ya Maji Maji. Sasa Mjerumani mwenye mguu wa mbao ndo tumfanye shujaa wa Tandika?

KochaWaTandika:

Bagamoyo hoja yako nzito na hao Watswana nitawaingiza kwenye stori, nilikuwa siwajui. Ila Eyser alihama mtoto, sio yeye aliyetutawala, na dogo wangu hatafuti shujaa wa taifa, anatafuta mtu mwenye mguu kama wake.

Mwana_Bagamoyo:

Sawa kocha, hapo umenishika. Ila shujaa wa mguu tunaye wetu, mzee John Stephen Akhwari, Mexico 1968, kaanguka kwenye marathoni kaumia goti, kamaliza wa mwisho amefungwa bandeji, dunia nzima inamjua. Mpe dogo huyo.

Chausiku_Ilala:

Akhwari namheshimu mno na hakuna Mtanzania asiyemheshimu. Lakini kwa dogo huyu mi nisingeanza na Akhwari, na nitasema kwa nini mtanisamehe. Akhwari aliumia siku ile akamaliza, tunampenda kwa kuvumilia. Mtoto aliyekatwa mguu kila siku anaambiwa vumilia, nyumbani, hospitali, shuleni, msikitini, mpaka neno lenyewe limemchosha. Eyser hakuvumilia, alishinda. Alitaka pointi kama wengine, akapewa 44 watu wenye miguu miwili wakapewa 43 na kushuka. Ajabu ni kwamba yule aliyemaliza mwisho ndo tunamkumbuka na yule aliyeshinda mpaka ije posti ya WhatsApp.

Pweza_wa_Feri:

Chausiku umeongea. Ila mi bado nasema kombe la mbuzi, mbuzi mnene lakini.

Dada_wa_Kigamboni:

Hivi baada ya hapo ilikuwaje, aliendelea au ndo alipotea? Na je kuna wengine walishawahi tena? Nakumbuka yule msichana wa kuogelea wa Afrika Kusini.

Chausiku_Ilala:

Aliendelea dada. Na klabu yake ya Concordia walienda mpaka Ujerumani, Frankfurt 1908, wakashinda mashindano ya kimataifa, afu 1909 wakashinda ya taifa Cincinnati. Ile picha inayozunguka ni ya kipindi hicho, ni ya 1908, sio ya Olimpiki kama maandishi yanavyodai, kwa hiyo kocha ukimwonyesha dogo mwambie hivyo. Mwaka 1908 alikuwa anaelekea miaka 38, na bado yupo katikati ya picha. Alifariki 1919. Medali za Olimpiki ni zilezile sita, hakurudi tena.

Yule unayemsema ni Natalie du Toit wa Cape Town, mguu alipoteza 2001 kwenye ajali ya skuta, 2008 Beijing akaogelea kilomita 10 za maji ya wazi kwenye Olimpiki ya kawaida, akawa wa 16, yeye aliogelea bila mguu bandia. Afu London 2012 akaja Oscar Pistorius, naye wa Afrika Kusini, kwenye mbio na miguu bandia miwili. Zaidi ya miaka mia toka Eyser, hesabu mwenyewe. Na Paralimpiki ya kwanza ni Roma 1960, kwa hiyo zama za Eyser hakukuwa na pa kupelekwa pembeni, unaingia na wote au unakaa nyumbani.

Mhasibu_Mstaafu:

Hiyo ya "unaingia na wote" ndo ilimpa 118 Julai na dhahabu tatu Oktoba. Mambo mawili hayohayo.

KochaWaTandika:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Basi swali la mwisho hasa kwako Fundi. Nimepata wazo tuning'inize kamba kwenye mwembe pale uwanjani, na vyuma sambamba nikachomeleshe viwe vifupi. Dogo aanze na nini na mguu avae au avue? Maana mama yake akisikia kaanguka nitahama Tandika.

FundiViungo_Bandia:

Kocha kwanza kabla ya kamba wala nini, ongea na mama yake, na mpeleke alikotengenezewa mguu, CCBRT au popote, wamwangalie kigutu. Miaka 14 anakua, soketi (ile sehemu ya mguu bandia kigutu kinapoingia) inabana haraka sana, mtoto anaficha kwa sababu hataki kurudi hospitali. Ukiona ngozi nyekundu ambayo haipotei baada ya kuvua mguu dakika kumi hivi, au malengelenge, tizi zote simama mpaka arekebishiwe. Na waulize ruhusa ya mazoezi kwa maandishi, itakusaidia na wewe.

Akiruhusiwa anza na vyuma sambamba, vifupi vya usawa wa kiuno, avae mguu. Kwanza asimame tu kwa mikono mabega yameshuka chini, ahesabu, ashuke. Kubembea baadaye. Kushuka atumie mguu wake mzima kwanza afu bandia ufuate, kamwe asiruke kwa kutua na bandia, shida sio mguu kuvunjika, ni mfupa wa kigutu unavyopigwa ndani ya soketi.

Kamba avue. Ni mikono, mguu bandia ni mzigo tu na unaweza kuchomoka ukamdondokea mtu. Lakini mita 2 tu kwa kuanzia, wewe upo chini, na kushuka ashuke mkono kwa mkono, asiteleze, viganja vitaungua. Magodoro yako mawili yote yaende chini ya kamba. Kamba nunua ile nene ya katani, hizi za plastiki za rangi zinateleza na zinakata mkono.

Farasi mwenye vishikio achana naye kabisa kwa sasa.

Pweza_wa_Feri:

Kamba nene za katani zipo huku Feri kwa wanaouza vifaa vya uvuvi kocha, ila uje asubuhi na usiseme ni ya mazoezi watakupandishia bei. Nicheki inboksi nikupeleke kwa jamaa yangu. Unataka mita ngapi?

KochaWaTandika:

Kumi. Saba na nusu ya Eyser, ya kufungia juu, na kidogo ya chini.